Kishindo Kilichobaki Moyoni



Maghala ya silaha yalilipuka Mbagala, Temeke, tarehe 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011. Kila mara walikufa watu zaidi ya 20. Wapo waumini wenzetu ambao hata leo hutetemeka radi ipigapo. Tusiwaambie kwamba wamepungukiwa imani.

Wataalamu wa saikolojia humsikilizisha mtu masimulizi ya mkasa wake mwenyewe, huku wakimpima mapigo ya moyo na jasho la viganja. Kwa wengi waliojeruhiwa nafsi, moyo huenda mbio ingawa hatari imekwisha kupita. Wahenga walilijua hilo: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Fidia ya nyumba ni haki. Kusikilizwa kwa upole, pasipo kulazimishwa kusimulia, nako ni haki. Tuianzie jumuiyani.