Chumba cha Hammersmith

Msikilizaji, pale Edgware Road, London, kulikuwa na kibanda cha kuongozea treni cha mwaka 1926. Ndani yake mtu alisimama mbele ya safu ya mikono ya chuma. Akivuta mmoja, reli inahama. Akivuta mwingine, taa ya ishara inabadilika. Treni za njia tatu zilikutana hapo, na abiria waliojazana ndani wote walimtegemea yeye.

Njia za Circle, District, Metropolitan na Hammersmith & City ni asilimia 40 ya mtandao wa treni za chini ya ardhi wa jiji hilo. Kipande cha kwanza cha njia hizo kilifunguliwa Januari 1863. Ukaja mpango wa kubadilisha mitambo ya kuziongoza, na nia ilikuwa njema: zote nne ziongozwe kutoka chumba kimoja huko Hammersmith, kompyuta zipokee kwa redio habari za kila treni ilipo, ili treni zifuatane kwa ukaribu bila kugongana.

Mwaka 2011 kazi hiyo ikapewa kampuni ya Bombardier kwa pauni milioni 354. Haikufika mbali. Mwisho wa mwaka 2013 mkataba ukavunjwa, na Agosti 2015 kazi ikapewa kampuni ya Thales kwa pauni milioni 760, zaidi ya mara mbili. Kamati ya Baraza la London iliyochunguza suala hili mwaka 2016 ilikadiria hasara ya pauni milioni 886.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: treni mpya zenye viyoyozi zilikuwa zimeshanunuliwa na zilikuwa zikitembea, huku zikiongozwa kwa mitambo ya enzi za mababu. Ni sawa na kununua basi jipya ukalipitisha njia ya ng'ombe.

Wengi humlaumu mkandarasi. Mimi lawama kubwa naiweka kwa mnunuzi, Mamlaka ya Usafiri ya London. Reli ni yake. Makutano yale, mahandaki yale, anayajua kuliko mgeni yeyote. Kabla ya kutia saini alipaswa kumbana mkandarasi: mfumo huu umewahi kufanya kazi wapi penye msongamano kama wetu? Chumba chenye skrini hujengwa haraka. Kazi ngumu ni kukiunganisha na reli ya miaka 150 ambayo haiwezi kufungwa, maana watu wanakwenda kazini kila asubuhi.

Mfumo mpya ulianza kuongoza treni za abiria Machi 2019, miaka minane baada ya mkataba wa kwanza. Ulianza na stesheni tano tu, kutoka Hammersmith hadi Latimer Road.