Nguvu za Mbwa Tangu Utoto Hata Uzee



Mfugaji wa Isiolo akiulizwa ana mali gani, atataja ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mbwa hatamtaja. Walakini usiku fisi anapozunguka zizi la miiba, mbwa huyo asiyetajwa ndiye amwamshaye mwenye mali. Mbwa dhaifu husikia kishindo kama mwenzake mwenye nguvu, lakini hana pumzi ya kutoka mbio. Na asubuhi mwenye mbuzi huhesabu akakuta pengo.

Wengi hudhani kwamba mbwa azururaye kutwa katika mitaa ya Bulla Pesa amekwisha pata mazoezi yake. Sivyo. Huyo anatafuta chakula jaani, naye hurudi na minyoo, majeraha ya kupigana, na pengine kichaa. Mazoezi yenye faida ni mwendo wa kila siku pamoja na mwenyewe au pamoja na kundi, nao uwe na kipimo.

Kipimo hicho hufuata umri. Mtoto wa mbwa huachishwa kunyonya apatapo majuma sita hata manane, na mifupa yake haikomai mpaka atimize mwaka mmoja hivi. Walio wakubwa wa umbo huchukua hata miezi 18. Kwa hiyo ni kosa kumpeleka mtoto wa miezi minne malishoni kutwa nzima. Na acheze karibu na zizi, alale, aamke acheze tena. Akikaa na wana wa mbuzi tangu udogo wake atawaona kuwa ni jamaa zake, na baadaye atawalinda bila kufundishwa sana.

Mbwa mzima adui yake mkubwa ni jua. Mwili wake hautoi jasho kama wa mtu, ila kidogo tu katika nyayo. Hujipoza kwa kuhema, ulimi nje, na kila ahemapo maji humtoka. Joto la mbwa mwenye afya ni kati ya digrii 38 na 39. Likipita 41, yu katika hatari ya kufa. Basi mtu na aweke kiganja juu ya mchanga wakati wa adhuhuri: akishindwa kukiacha hapo kwa kitambo kidogo, nyayo za mbwa nazo zinaungua. Mwendo mrefu uwe alfajiri mpaka jua lipandapo, au jioni. Akionekana kuyumba, mate yake mazito na ulimi mwekundu mno, apelekwe kivulini, amwagiwe maji mwilini, apepewe, na anyweshwe kidogo kidogo.

Huko Lewa, kusini ya mji wa Isiolo, wamo mbwa wafuatao nyayo za majangili. Kazi ya namna hiyo yaonyesha wazi faida ya pumzi, kwa maana mbwa ahemaye kwa uchovu hawezi kunusa vema. Na mbwa wa mchungaji atafutaye mbuzi aliyepotea vichakani ni vivyo hivyo.

Katika chakula, uji mtupu wa mahindi hujaza tumbo lakini haujengi misuli. Uchanganywe na maziwa, damu au mabaki ya nyama yaliyopikwa. Mkono ukipita ubavuni uzihisi mbavu, lakini jicho lisizihesabu kwa mbali. Chombo chake kiwe cha peke yake, jambo ambalo nyumba za Kiislamu hazihitaji kufundishwa.

Lakini asipewe kamwe maini wala mapafu mabichi yenye vifuko vya maji. Ndani ya vifuko hivyo mna mbegu za mnyoo mdogo, ambao mbwa huubeba bila kuonekana mgonjwa, kisha mayai yake humwingia mtoto anayemshika, naye huota uvimbe tumboni ambao mara nyingi hutaka kupasuliwa. Maradhi haya yamewatesa sana watu wa Turkana. Vitu hivyo vichomwe au vifukiwe chini sana, na mbwa apewe dawa ya minyoo kwa shauri la bwana mifugo.

Chanjo ya kichaa hupigwa mbwa atimizapo miezi mitatu, na kukaririwa kila mwaka. Maradhi hayo yalithibitishwa Kenya tangu 1912, na hata leo yanaua. Kupe na viroboto waondolewe wanapoonekana.

Mbwa apatapo miaka saba au minane huanza kukakamaa viungo, na meno kulika. Wako wamfukuzao wakati huo, naye hugeuka mzururaji wa jaani. Kumfunga kutwa nako hakufai, kwani viungo visivyotembezwa hukaza zaidi. Atembezwe kidogo asubuhi na kidogo jioni, chakula chake kiwe laini na kisiwe kingi, maana unene humlemea. Malishoni na waende vijana. Yeye alazwe penye udongo mkavu karibu na mlango wa zizi, pamoja na mbwa mchanga ambaye bado hajajua harufu ya fisi.