Risala ya Mwenyekiti: Umeme Umefika Sebuleni, Jikoni Bado



Miaka kumi hii tumekopeshana hela za ada, za matanga, za genge na za bati. Hayo mtayasoma kwenye taarifa ya mweka hazina. Leo tunaomba tuseme habari ya jiko.

Wengi wetu hapa Dar es Salaam tumepanga kwenye nyumba za vyumba sita, ukumbi katikati, mita ya LUKU moja. Nyumba ikijengwa, sebule inapimwa vizuri; jiko linakumbukwa bati likibaki. Kwa hiyo mama anapika uani au ukumbini, mtoto mgongoni, moshi wa mkaa wote wake. Akitaka jiko la umeme anaambiwa, "Utatumalizia uniti." Kwani pasi ya baba haili uniti, jamani? (Kicheko.)

Kumbe kinachotumaliza ni ile mita moja. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi ya serikali. Inayozidi huwekwa daraja la shilingi 292. Haya, tupige hesabu. Vyumba sita, kila kimoja uniti 20, jumla 120. Tumeshazidi. Kila chumba kingekuwa na mita yake kingelipa shilingi 2,000; kwa mita ya pamoja kinalipa 5,840. Bei iliyowekwa kwa ajili ya mnyonge inampita mlangoni kwa sababu amepanga.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Ni jambo jema. Mtungi wa kilo sita umetusaidia, ila ukiisha katikati ya mwezi tunarudi kwenye mkaa wa kopo. Jiko la presha la umeme linaivisha maharage bila kumaliza uniti moja.

Lakini mita inaombwa na mwenye nyumba. Na wenye nyumba siyo akina baba tu. Wengine ni dada zetu, wamekaa mstari wa mbele pale, tunawaona.

Tumekubaliana hivi: mpangaji akope kikundini gharama ya mita, arejeshe kidogo kidogo, naye mwenye nyumba aandike mbele ya mjumbe kwamba hatapandisha kodi ya chumba wala kumtoa mpaka mkopo uishe. Fomu anazo katibu, meza ile karibu na mlango.