Mkono Uliovimba Baada ya Tiba



Keshokutwa, tarehe 8 Machi, taifa letu litaadhimisha Siku ya Wanawake. Kama ilivyo desturi, wanawake wenye sare watapita mbele ya jukwaa kwa gwaride, mikono ikipanda na kushuka kana kwamba imefungwa kwa uzi mmoja. Hapana shaka watashangiliwa, na wanastahili. Lakini leo, tarehe 6 Machi, ni siku nyingine ambayo haina gwaride wala mapumziko ya kazi. Tangu mwaka 2016 siku hii imekuwa ikikumbukwa katika nchi mbalimbali kuwa siku ya wagonjwa wa limfidema, yaani uvimbe wa mkono au mguu unaotokana na maji ya mwili kukosa njia ya kupita. Katika mazungumzo haya tutazungumzia mkono: mkono wa mwanamke aliyetibiwa saratani ya titi.

Tuanze na lile lisilopendeza kusikika. Mwanamke wa kambini akikatwa titi, habari huenea layini nzima kabla yeye mwenyewe hajarudi kutoka hospitali. Mkono wake ukianza kuvimba miaka miwili baadaye, hakuna anayeyaunganisha mambo hayo mawili. Huyu atasema ni matende. Yule atasema kansa imerudi. Wa tatu, kwa sauti ya chini, atasema amerogwa. Na mume, ambaye ni askari mwenye mshahara mmoja na watoto wengi, atayasikia yote matatu na kuanza kufikiria namna ya kumrudisha mke wake kwao. Mambo haya tumeyaona kwa macho yetu.

Mimi mwenyewe ninaye shangazi anayeishi Lurujo, mke wa sajini mstaafu wa polisi, na wote wawili wameniruhusu kuyasema haya. Shangazi alipasuliwa, akapewa dawa, akapigwa mionzi Kampala, akarudi nyumbani akiwa mzima. Alilima. Aliteka maji. Katika msimu wa pili wa mihogo aliona pete yake imebana, kisha kipande cha mkono wa gauni kikawa hakipiti juu ya kiwiko. Jioni mkono ulikuwa mzito kama gunia lenye unyevu, asubuhi umepungua; naye, kwa kuwa ulikuwa ukipungua asubuhi, alinyamaza. Ulipofika wakati ambapo haukupungua tena, pete ilikatwa kwa msumeno, na jamaa wakampeleka kwa mganga, ambaye alimchanja chale kuanzia bega hadi kifundo cha mkono ili damu mbaya itoke. Siku tatu baadaye alikuwa akitetemeka kwa homa na mkono umekuwa mwekundu na moto. Alipewa dawa za malaria. Kilichokuwa kikimuua hakikuwa malaria hata kidogo. Kilikuwa ni vijidudu vilivyoingia kwa njia ya zile chale.

Yafaa kufahamu jambo hili linatokeaje. Damu inapozunguka mwilini, sehemu ya maji yake huvuja na kuingia katika nyama. Sehemu kubwa ya maji hayo hurudi kwenye mishipa ya damu, na yanayobaki hukusanywa na mishipa mingine midogo sana, ambayo haina damu bali ina maji yaitwayo limfu. Mishipa ya mkono hupitia kwapani, na hapo kwapani zipo tezi ambazo ni kama vizuizi vya barabarani: kila kinachopita hukaguliwa. Saratani ya titi inapotaka kusambaa, mara nyingi tezi hizo ndizo inazozifikia kwanza. Kwa hiyo daktari wa upasuaji huziondoa, na mionzi huchoma zilizobaki. Afanyavyo ni sawa, maana anaokoa maisha. Lakini ukiondoa mfereji nyuma ya layini za kambi, maji ya mvua hayataacha kuja, yatatuama. Ndivyo mkono unavyotuamisha maji, mwaka wa kwanza, au wa tatu, au hata wa kumi baada ya tiba, na yakikaa mno nyama huwa ngumu na hairudi tena ilivyokuwa.

Kati ya wanawake watano waliotibiwa saratani ya titi, yapata mmoja hupatwa na uvimbe huu. Pale ambapo ugonjwa umewahiwa na daktari ameondoa tezi moja au chache tu za kupima, hatari hushuka hadi karibu mmoja katika ishirini. Katika nchi yetu wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa, na mwenye kuchelewa ndiye anayeondolewa tezi nyingi na kupigwa mionzi mingi. Wanaume wanaocheka wakisikia maneno haya wajue kwamba katika kila wagonjwa mia moja wa saratani ya titi, mmoja hivi ni mwanamume, naye anazo tezi zile zile kwapani.

Neno limfu lisidhaniwe kuwa geni katika West Nile. Kati ya mwaka 1972 na 1974 watoto wapatao 42,000 wa mkoa huu walitolewa damu katika uchunguzi ulioongozwa na taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliyoko Lyon, Ufaransa. Wataalamu walitaka kujua kiini cha saratani ile ya tezi ivimbishayo mataya ya watoto, ambayo dunia nzima huiita kwa jina la Dokta Denis Burkitt aliyeichunguza hapa Uganda. Majibu yaliyotolewa mwaka 1978 yalisaidia kuonyesha kwamba kirusi kinahusika. Baadhi ya watoto wale leo ni babu na bibi zetu. Damu ya Arua na Koboko imeifundisha dunia. Si haki basi kwamba elimu ya tezi hizo hizo isiwafikie wake zao na mabinti zao kwa lugha wanayoifahamu. Shangazi aliambiwa habari ya mkono siku aliyoruhusiwa kutoka hospitali, kwa dakika mbili, kwa Kiingereza cha haraka. Yeye anajua Kilugbara na Kiswahili.

Na haya matende je? Matende yapo, na huku kwetu yanafahamika. Huletwa na minyoo inayoenezwa na mbu, nayo hushika zaidi miguu na, kwa wanaume, korodani. Dawa za minyoo zinazogawiwa vijijini ni njema kwa ugonjwa huo, lakini haziwezi kurudisha tezi zilizokatwa. Hata hivyo magonjwa haya mawili yanafanana katika matunzo, na muuguzi aliyefundishwa kumtunza mwenye mguu wa matende anaweza kumsaidia pia mwenye mkono huu: kuosha kila siku kwa maji safi na sabuni, kukausha vizuri hata kati ya vidole, kupaka mafuta ngozi isipasuke, kuuinua mkono wakati wa kupumzika. Mtu avae glavu anapopalilia au anapochuma kuni, ajihadhari na moto wa jikoni, asikate kucha hadi kwenye nyama. Chale, hapana. Hapana kabisa.

Kisha ipo bendeji. Hufungwa kuanzia vidoleni kwenda juu, ikikaza zaidi mkononi na kulegea kadiri inavyopanda, ili maji yasukumwe kuelekea begani. Iko mikono ya nguo maalumu inayobana inayofanya kazi hiyo, lakini ni ghali na haipatikani kila mahali. Mfungaji lazima aonyeshwe kwanza na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwa maana bendeji iliyofungwa vibaya huzidisha uvimbe. Mkono ukivimba kwa ghafula, au ukiuma sana, mtu asifunge chochote kabla ya kuonekana na daktari, kwa sababu huenda damu imeganda katika mshipa, au huenda kweli saratani imerudi. Kusema kwamba uvimbe mwingi si saratani si kusema kwamba hakuna haja ya kupimwa.

Homa nayo ina amri yake. Mwenye mkono huu akipata homa, hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha malaria, auvue mkono wake mbele ya mganga wa zahanati ya kambi auangalie. Ukiwa mwekundu na wa moto, dawa za kuua vijidudu zianze siku hiyo hiyo. Kesho ni mbali.

Sasa tuwageukie wakuu wa vikosi na wa vituo. Konstebo au askari mwanamke anaporudi kazini baada ya tiba, wako maafande wanaomwona kuwa mzigo na kumwandikia barua ya kumwondoa, na wako wengine ambao, kwa kutaka kuonyesha kwamba sheria ni moja kwa wote, humpa bunduki na mkoba mzito siku ya kwanza. Wote wawili wanakosea. Zamani madaktari nao walikataza kabisa kuinua vitu. Lakini mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 141 wenye uvimbe wa mkono. Waliofundishwa kuinua vyuma kidogo kidogo, chini ya uangalizi, mikono yao haikuvimba kuliko ya wenzao, na mashambulio ya uvimbe yalikuwa machache zaidi kwao. Nani kuliko mwanajeshi anayejua maana ya mazoezi ya kupanda ngazi kwa ngazi? Apewe kazi nyepesi, aongezewe polepole, aruhusiwe bendeji chini ya sare, na kama mkono wa shati haupiti, fundi wa sare aupanue. Hilo ni suala la uzi na sindano. Halihitaji baraza la madaktari.

Tena uhamisho ufikiriwe. Kutoka Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500, na mwaka 2016, mashine pekee ya mionzi nchini ilipoharibika pale Mulago, taifa zima liliona tiba ya saratani inavyoweza kutegemea uzi mwembamba. Mgonjwa aliyekwisha kupata muuguzi anayemfahamu karibu naye asihamishwe kwenda mahali asikokuwa na yeyote, isipokuwa pana sababu ya kweli ya kazi.

Kwa waume sina mengi. Bendeji ni ndefu, na mtu mwenye mkono mmoja mzito hawezi kuifunga vizuri kwa mkono mmoja uliobaki. Yule sajini mstaafu wa Lurujo, ambaye wakati fulani naye alikaribia kuamini habari za kurogwa, alikwenda kufundishwa pamoja na mke wake. Leo alfajiri nilipopiga simu kumwuliza shangazi hali yake, sajini ndiye aliyepokea. Akaniambia nisubiri kidogo, kwa kuwa alikuwa bado hajafika kiwikoni.