Gesi ya friji na kijana wa Mexico City

Maneno ya afisa wa mazingira wa kaunti kwa mafundi wa friji na wananchi, Siku ya Ozoni Duniani, 16 Septemba



Leo sianzi na sheria, naanza na bafu. Mario Molina alizaliwa Mexico City mwaka wa 1943. Akiwa mtoto aligeuza bafu lisilotumika pale kwao kuwa maabara, na shangazi yake Esther, mwanakemia, akamsaidia kufanya majaribio. Wengi wetu tungechapwa.

Alisoma kwao, Ujerumani na Marekani. Mwaka wa 1973 alijiunga na Profesa Sherwood Rowland kule Irvine, California, akachagua swali moja: gesi za friji na za mikebe ya kupulizia zikishatoka, huenda wapi?

Gesi hizo zilisifiwa. Haziwaki moto, hazina sumu. Kumbe sifa hiyo ndiyo tatizo. Huku chini hakuna kinachozivunja, hata mvua haiziondoi. Hupanda polepole hadi juu sana, miale mikali ya jua ikazivunja na kuachilia klorini. Atomu moja ya klorini inaweza kuharibu molekuli 100,000 hivi za ozoni, ile hewa inayotukinga na miale inayoleta saratani ya ngozi na mtoto wa jicho.

Walichapisha matokeo Juni 1974. Wenye viwanda wakapinga vikali. Molina alikuwa na miaka 31, bado hana jina, na angeweza kunyamaza. Hawakunyamaza, walieleza wanahabari na wabunge wa Marekani. Ilichukua hadi 1985 watafiti wa Uingereza kutangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika imepungua vibaya. Mkataba wa Montreal ukatiwa saini tarehe kama ya leo, 1987, na sekretarieti yake iko hapa nchini, Gigiri. Mwaka wa 1995 Molina, Rowland na Paul Crutzen walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Molina alifariki 2020.

Sasa, mafundi. Friji kuukuu ikiletwa kwako huenda bado ina R12, gesi mojawapo aliyoichunguza Molina. Tunajua tunavyofanya: unakata paipu, gesi inalia fyuu, kazi imeisha. Gesi haijaisha. R12 hukaa hewani miaka 100 hivi. R134a haiharibu ozoni, lakini huongeza joto duniani, ndiyo maana nchi zilikubaliana Kigali mwaka wa 2016 kupunguza gesi za aina hiyo. Kwa hivyo inyonywe ndani ya mtungi. Na wewe unayenunua friji ya mtumba, soma kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa.

Fundi mmoja ameniuliza pale nje: mashine ya kunyonya gesi ni ghali, nani ataninunulia? Ni swali la haki. Mtu peke yake hawezi, lakini kikundi kinaweza kununua moja na kuitumia kwa zamu. Daftari liko mezani pale mlangoni. Andikeni majina kabla hamjaondoka, tuanze hesabu leo.