Kukivunja kiini ili kukijua

Mtu akisikia kwamba wataalamu hutumia fedha nyingi kugonganisha viini vya atomu, swali lake la kwanza ni moja: faida yake nini? Ni swali la haki, na jioni ya leo nitajaribu kulijibu.

Kiini cha atomu ya kaboni kina protoni 6 na nyutroni 6. Chembe hizo hazikutulia kama mayai kiotani. Zinakwenda huku na huko, na zenye mbio zaidi hukaribia robo ya kasi ya mwanga, yaani kama kilomita 70,000 kwa sekunde. Hakuna hadubini inayoweza kuuona mwendo huo. Njia iliyobaki ni kukivunja kiini chenyewe.

Chukua mfano wa mzinga wa nyuki juu ya lori linalokwenda kasi. Mzinga ukipasuka, kila nyuki hutoka na mwendo wa lori pamoja na mwendo wake mwenyewe. Ukiwapima nyuki, utajua walivyokuwa wakizunguka ndani.

Ndivyo ilivyofanyika Berkeley, Marekani, miaka ya 1970. Mtambo wa Bevalac ulirusha viini vya kaboni na oksijeni, vikagonga shabaha na kuvunjika. Vipande viliendelea mbele kwa karibu kasi ileile, ila kimoja kilipungua kidogo, kingine kilizidi. Mwaka 1974 Alfred Goldhaber alionyesha kwamba tofauti hizo zinaelezeka kwa mwendo ambao chembe zilikuwa nao tangu mwanzo.

Je, hayo yanamhusu nini mgonjwa? Tangu 1994, huko Chiba, Japani, wagonjwa wa saratani wametibiwa kwa miali ya viini vya kaboni. Viini hivyo huacha nguvu zake nyingi mwishoni mwa safari, ndani ya uvimbe. Lakini baadhi hugongana na viini vya mwili njiani, vikavunjika, na vipande vyepesi hupitiliza hadi kwenye nyama isiyo na ugonjwa. Asiyejua vipande hivyo vinakwenda wapi hawezi kupima dozi sawasawa.

Kwa hiyo anayedai faida kabla utafiti haujaanza anadai mavuno kabla ya kupanda. Naye mtaalamu anayetumia fedha za umma ana deni la kutueleza kazi yake kwa lugha tunayoielewa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa wa kuinama ni sisi sote wawili.

Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo.