Je, Mungu Yupo, na Ulimwengu Ulianzaje? (Mada kwa Vijana na Wazazi, Kipsing)

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu Subhanahu Wataala, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu, mada ya leo ni nzito kidogo. Je, Mungu yupo? Na huu ulimwengu ulianzaje? Najua wako watakaosema: maswali haya ya nini katika mwezi mtukufu, tena hapa Kipsing? Hapa kila mtu anajua kuna Mungu. Msamburu anamwita Nkai, Mturkana anamwita Akuj, Mborana anamwita Waaqa, na sisi twasema Allah. Ni kweli. Lakini hebu sikiliza.

Katika sensa ya mwaka 2019, Wakenya 755,750 waliandikwa kuwa hawana dini. Si wote wanaokataa kuwa kuna Mungu, lakini idadi hiyo si ndogo. Mwaka 2016 chama cha Wakenya wasioamini Mungu kiliandikishwa rasmi, kikasimamishwa mwaka huohuo baada ya watu wa dini kulalamika, na baadaye kikaendelea na shughuli zake. Kijana wetu anayetoka hapa kwenda shule ya bweni au chuo kikuu atakutana na watu hawa, au atawasikiliza kwenye simu yake. Na siku moja atarudi likizo na swali. Wewe mzazi umejiandaa kumjibu nini?

KUULIZA SI KUKUFURU

Wengi wetu jibu letu ni moja: "Nyamaza, astaghfirullah, usirudie tena!" Kijana atanyamaza, ndio. Lakini swali halikufa, limeingia ndani. Na ataenda kulipeleka kwa mtu mwingine.

Sivyo alivyofanya Mtume (s.a.w.). Katika Sahih Muslim imepokewa kwamba maswahaba walimwendea wakamlalamikia kuwa wanapata mawazo ndani ya nafsi zao ambayo wanaona ni makubwa mno kuyatamka. Hakuwafukuza. Aliwaambia kuwa kule kuyachukia mawazo hayo ni dalili ya imani iliyo wazi.

Tena mtazame Imam Ghazali, aliyezaliwa Tus mwaka 1058 na kufariki 1111, yule tunayemwita Hujjatul Islam. Katika kitabu chake Al-Munqidh min al-Dhalal ameeleza mwenyewe kuwa ilimpata shaka kubwa ya karibu miezi miwili, mpaka akawa hana uhakika hata na macho yake na akili yake. Kisha Mwenyezi Mungu akamponya kwa nuru aliyoitia moyoni mwake. Ikiwa Ghazali alipita njia hiyo, kwa nini kijana wa kidato cha nne aonekane amelaaniwa akiuliza swali moja?

WATAALAMU WANASEMA NINI?

Sasa tuje kwenye ulimwengu. Kipsing tuna neema ambayo watu wa Nairobi wameikosa: usiku usio na mwezi, giza ni giza kweli, na mbingu zimejaa. Tuko karibu na ikweta, kwa hiyo tunaona nyota za kaskazini na za kusini. Tazama Kilimia, kile kikundi cha nyota ndogo ambacho wazee walikitumia kujua majira. Mwanga unaouona usiku huu ulitoka huko zaidi ya miaka 400 iliyopita. Ukiangalia mbinguni, unaangalia zamani.

Mwaka 1927 padri mmoja Mbelgiji, Georges Lemaître, ambaye pia alikuwa mtaalamu wa fizikia, alieleza kwamba ulimwengu unatanuka. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Hubble alitoa vipimo kuonyesha kuwa makundi makubwa ya nyota yanazidi kuwa mbali nasi. Lemaître akasema: ikiwa leo unatanuka, basi ukirudi nyuma ulikuwa mdogo, umebanana, una joto kali.

Wako waliokataa. Fred Hoyle wa Uingereza, ambaye hakuwa mtu wa dini, hakupenda habari ya ulimwengu kuwa na mwanzo. Ni yeye aliyeipa jina la Mlipuko Mkuu katika redio ya BBC mwaka 1949, na jina hilo limebaki hadi leo. Kisha mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson, wakifanya kazi na antena kubwa huko New Jersey, Marekani, walipata mvumo usiokwisha. Walisafisha hata kinyesi cha njiwa ndani ya antena, mvumo haukuondoka. Ulitoka pande zote za mbingu. Lilikuwa ni baki la joto la ule wakati wa mwanzo. Wakubwa mnakumbuka zile chenga za runinga za zamani ikikosa stesheni? Sehemu ndogo ya chenga zile ilikuwa ni baki hilohilo. Leo wataalamu wanakadiria umri wa ulimwengu kuwa miaka bilioni 13.8.

Hapo ndipo baadhi yetu tunaruka kwa furaha: "Umeona? Sayansi imethibitisha Qur'ani! Mjadala umekwisha!" Ndugu yangu, punguza mwendo. Mwaka 1951 Papa Pius wa kumi na mbili alifanya karibu hivyohivyo, akaihusisha habari hii ya sayansi na uumbaji wa Mungu. Aliyehuzunika ni nani? Ni Lemaître mwenyewe, padri! Yeye aliona kuwa fizikia ni elimu ya vipimo, na vipimo hurekebishwa. Ukiifunga imani yako kwenye kipimo cha leo, kesho kipimo kikibadilika utasema nini? Utasema Mungu amebadilika?

HOJA YENYEWE IKO WAPI?

Imam Ghazali aliipanga hoja kwa hatua tatu. Kila kilichoanza kina kilichokianzisha. Ulimwengu ulianza. Basi ulimwengu una aliyeuanzisha. Wengi tunaijua kwa mfano wa Mwarabu wa jangwani aliyesema kuwa nyayo zinamjulisha mpitaji. Hapa kwetu huo mfano hauhitaji tafsiri. Mchungaji akiona nyayo kwenye mchanga wa laga, anajua ni mnyama gani, na amepita lini. Hawezi kukuambia mchanga umejichora wenyewe.

Lakini mpinzani wako hatanyamaza. Atakuuliza: "Na Mungu kaumbwa na nani?" Mjibu kwa utulivu: hatukusema kila kitu kina mwanzilishi, tumesema kila kilichoanza. Mwenyezi Mungu hakuanza.

Akiwa na akili atarudi tena: "Basi kwa nini tusiseme ulimwengu nao haukuanza?" Hili ni swali zuri, usilicheke. Limejadiliwa na Waislamu kabla ya hao wa leo. Ibn Sina, aliyefariki 1037, alisema ulimwengu haukuwa na mwanzo wa wakati, na hata hivyo alithibitisha kuwa Mungu yupo. Ghazali alimpinga vikali kwa kusema ulimwengu una mwanzo. Ibn Rushd, aliyefariki 1198, akaja kumjibu Ghazali. Na sisi katika hilo la mwanzo tuko na Ghazali. Lakini jambo moja wote watatu walikubaliana: ulimwengu haujitegemei.

Chukua mfano wa laga yetu. Unachimba mchanga, unapata maji. Mtu akikuambia, "Maji haya yalianza mwaka fulani," utauliza yametoka wapi. Na akikuambia, "Hapana, maji haya yamekuwepo siku zote," bado utauliza yanatoka wapi! Umri wa maji haujibu swali la chemchemi. Vivyo hivyo, uwe ulimwengu una miaka bilioni 13.8 au zaidi, swali liko palepale: kwa nini upo badala ya kutokuwepo? Wengine husema umetokea kwenye utupu. Lakini utupu wanaouzungumzia wanafizikia una nishati na una kanuni. Hicho si kutokuwepo kitu. Ni mchanga wenye maji ndani yake.

Swali hili si la kigeni kwetu. Jubayr bin Mut'im, kabla hajasilimu, alikwenda Madina kwa ajili ya mateka wa Badr. Akamkuta Mtume (s.a.w.) katika swala ya Maghrib akisoma Surat At-Tur. Ilipofika pale Mwenyezi Mungu anapouliza kama watu wameumbwa pasipo kitu au wao ndio waumbaji, alisema moyo wake ulikaribia kuruka. Hakupigiwa kelele wala kutukanwa. Aliulizwa swali, akabaki nalo.

SWALI LINALOUMA ZAIDI

Tuseme ukweli. Wengi wanaoacha imani hawaachi kwa sababu ya nyota, wanaacha kwa sababu ya maumivu. Tangu mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kaskazini mwa Kenya, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Kijana aliyeona ng'ombe wa babake wakiisha mmoja mmoja akiuliza "Mungu yuko wapi?", haombi somo la falsafa. Analia.

Usimwambie, "Ni dhambi zenu." Nani amekuambia? Nabii Ayyub (a.s.) aliteseka na hakuwa mwenye makosa. Nabii Ya'qub (a.s.) alilia mpaka macho yakawa meupe, na hakuambiwa imani yake imepungua. Kaa naye. Gawana naye futari. Anza na hilo, hoja zitafuata baadaye.

ADABU ZA MJADALA

Kwanza, jua unajadiliana na nani. Tumezoea mihadhara ya kufungua vitabu na jirani Mkristo, aya kwa aya. Huyu hakubali kitabu chochote, kwa hiyo anza na akili mnayoshirikiana.

Pili, tenganisha maswali. "Lini na kwa njia gani" mpelekee mtaalamu wa vipimo. "Kwa nini kuna chochote" halipimwi kwa antena.

Tatu, usitumie hoja dhaifu kwa sababu tu inakupendelea. Siku kijana atakapogundua ulimdanganya katika jambo dogo, atakutilia shaka katika kubwa.

Nne, ukikosa jibu, sema "Allahu aalam, nitauliza wenye elimu." Hujashindwa.

Tano, Surat An-Nahl inatuamrisha kujadiliana kwa njia iliyo bora zaidi. Matusi si hoja. Na wewe mzazi, mwanao akikuletea swali, jua amekuchagua wewe kabla ya wageni. Mfungulie mlango.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu, athibitishe nyoyo za vijana wetu, awape wazazi wetu subira na hekima, na atuteremshie mvua ya kheri katika ardhi yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.